Windows Yenye Leseni Ndani ya Mac ya Intel: Mwongozo Kamili

Mac za Intel, yaani kompyuta za Apple zenye prosesa ya Intel, zimejaa kwenye soko la mtumba. Utazikuta Kariakoo, utazikuta Luthuli Avenue jijini Nairobi, na bei yake inashuka kila mwaka kwa sababu Apple yenyewe imeshahamia kwenye chipu zake. Ni mashine nzuri, skrini yake ni safi na umbo lake halichoki haraka. Tatizo huanza pale kazi inapodai Windows. Mwanafunzi wa upimaji ardhi anahitaji ArcGIS Pro, msanifu majengo anahitaji Revit, mhasibu anahitaji Tally, na zote tatu hutengenezwa kwa ajili ya Windows tu.

Wengi wakifika hapo humkabidhi fundi mashine, wakarudishiwa ikiwa na Windows ya kukreki. Inawaka, inafanya kazi, lakini hakuna anayejua kilichoingizwa pamoja nayo. Programu za kukreki huomba uzime antivirusi kabla hazijaanza kazi, na mtu mwenye hesabu za duka zima kwenye laptopu hapaswi kukubali ombi hilo. Ipo njia safi: Windows yenye leseni, iliyowekwa kwa Boot Camp, zana ambayo Apple imeiweka ndani ya kila Mac ya Intel. Hatua zenyewe si ngumu. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maandalizi, kwa sababu huko ndiko watu huharibikiwa.

Je, inaruhusiwa?

Ndiyo, na pande zote mbili. Steve Jobs alitangaza Juni 2005 kwamba Mac zitahamia kwenye prosesa za Intel, na za kwanza zikatoka Januari 2006. Tarehe 5 Aprili 2006 Apple ikatoa Boot Camp ya majaribio, kisha mwaka 2007 ikaifanya sehemu ya kudumu ya mfumo wake. Microsoft kwa upande wake inauza leseni ya Windows bila kujali nembo iliyo mgongoni mwa kompyuta. Apple amekuuzia mashine, Microsoft amekuuzia mfumo, na hakuna anayemkwaza mwenzake.

Ukigeuza upande mambo hubadilika. Leseni ya macOS, yaani mfumo wa Mac wenyewe, inaruhusu mfumo huo kuwekwa kwenye kompyuta za Apple tu. Kampuni moja ya Florida, Psystar, ilianza mwaka 2008 kuuza kompyuta zake zikiwa na mfumo wa Mac. Apple ikaishtaki mwaka huohuo, mahakama ya shirikisho ya California ikaipa Apple ushindi Novemba 2009, na rufaa ya Psystar ikagonga mwamba mwaka 2011. Kwa hiyo akija mtu na ofa ya kukuwekea macOS kwenye HP au Dell, jua kwamba hilo ni jambo tofauti kabisa na hili tunaloliongelea hapa.

Ijue mashine kabla ya kuigusa

Bofya alama ya tufaha juu kushoto, kisha About This Mac. Ukiona neno Processor likifuatiwa na Intel, endelea kusoma. Ukiona Chip na jina kama Apple M1 au M2, Boot Camp haipo kwako. Mac hizo zilianza kutoka Novemba 2020, na njia yake rasmi ni Parallels Desktop, programu inayoendesha Windows ndani ya macOS, ikiwa na Windows 11 ya ARM (toleo la chipu za aina hiyo), njia ambayo Microsoft iliidhinisha Februari 2023. Huko hatua ni nyingine kabisa.

Kwa Windows 10, ambayo ndiyo toleo la mwisho linalokubalika kwenye Boot Camp, Apple inataka Mac iliyotoka mwaka 2012 au baadaye. Kwa Mac Pro ni kuanzia 2013, na kwa ile MacBook nyembamba isiyo Air wala Pro ni kuanzia 2015. Kwenye RAM, usishuke chini ya GB 8. Huo ni ushauri wangu, si sharti la Apple, lakini RAM ya Mac nyingi za kipindi hicho imechomelewa kwenye bodi, hutaweza kuiongeza baadaye.

Kama bado hujainunua, kuna kipimo kimoja cha kufanya mbele ya muuzaji kabla pesa haijatoka mfukoni. Zima mashine kabisa, kisha iwashe huku umeshikilia kitufe cha Option. Inatakiwa itokee picha ya diski. Ikitokea alama ya kufuli na kisanduku cha kuandika nenosiri, mashine ina nenosiri la firmware, yaani la ndani ya bodi, ambalo mmiliki wa awali aliliweka. Bila nenosiri hilo huwezi kuchagua diski ya kuwashia wala kuingia kwenye Recovery (sehemu ya kurekebishia mfumo), na kulitoa kunahitaji uende kwa Apple ukiwa na risiti ya manunuzi ya awali. Muuzaji akikwambia "hiyo ni kitu kidogo, fundi ataitoa," mrudishie mashine yake.

Mac nyingi za 2018 hadi 2020 zina chipu ya usalama inayoitwa T2. Kuhakikisha, fungua System Information, tazama sehemu ya Controller au iBridge. Kama ipo, washa mashine ukishikilia Command na R, ingia kwenye menyu ya Utilities, fungua Startup Security Utility, uhakikishe Secure Boot iko Full Security. Hivyo ndivyo inavyotoka kiwandani, ila mafundi wengine huishusha. Ikiwa imeshushwa hadi No Security, irudishe juu kabla ya kuweka Windows.

Leseni: hapa usikimbie

Laptopu nyingi zinazouzwa zikiwa na Windows huja na ufunguo wa Windows umeandikwa ndani ya bodi yake, ndiyo maana ukiiweka Windows upya inajitambua yenyewe. Mac haina ufunguo huo. Lazima uje na leseni yako.

Leseni za Windows ziko za aina tatu kubwa. Ya rejareja hununuliwa peke yake, na unaruhusiwa kuihamisha kutoka kompyuta moja kwenda nyingine mradi iwe kwenye moja tu kwa wakati mmoja. Hii ndiyo unayoitaka. Ya OEM huja na kompyuta mpya na hufa pamoja nayo. Ufunguo wa Dell iliyoungua bodi hauhamii kwenye Mac, hata kama stika bado inasomeka. Ya tatu ni ya taasisi, ambayo chuo, benki au wizara huinunua kwa ajili ya mashine zake nyingi. Zile funguo zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya chipsi mara nyingi ni za aina hii ya tatu, zimechomolewa mahali, na siku yoyote zinaweza kufungiwa.

Kutambua uliyonayo ni rahisi. Kwenye kompyuta ya Windows inayotumia leseni hiyo sasa, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike:

slmgr /dli

Kitatokea kidirisha kidogo. Tazama mstari wa Description. Ukiona RETAIL channel, uko salama. Ukiona OEM_DM, leseni imefungwa kwenye mashine ile. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT na wewe si mfanyakazi wa taasisi yenye mkataba, basi hiyo ni Windows ya kukreki, au iliyochukuliwa mahali pasipo ruhusa. Amri hiyohiyo inafaa pia ukinunua Mac ya mtumba ambayo tayari ina Windows na muuzaji anaapa kuwa ni orijino. Sekunde chache tu, na ukweli uko mezani.

Kama unahamisha leseni ya rejareja kutoka kompyuta yako ya zamani, kwanza hakikisha una ule ufunguo wa herufi na tarakimu 25, umeuandika mahali. Kisha kwenye kompyuta ya zamani fungua Command Prompt kama administrator, uandike slmgr /upk ili ufunguo utoke. Ndipo uutumie kwenye Mac. Microsoft iliacha kuuza leseni za Windows 10 kwenye tovuti yake mwishoni mwa Januari 2023, kwa hiyo leseni ya zamani ya rejareja ni mali, usiitupe pamoja na kompyuta mbovu.

Angalia pia toleo. Ufunguo wa Home hauamilishi Pro, wala wa Pro hauamilishi Home.

Nafasi kwenye diski

Hapa uamuzi ni mmoja na hauna marekebisho. Boot Camp inaigawa diski ya Mac sehemu mbili, na ukishagawa huwezi kuongeza wala kupunguza bila kufuta Windows na kuanza upya. Apple inataka angalau GB 64 zilizo wazi, na yenyewe inasema GB 128 ndizo zinazofaa. Mimi naona GB 64 ni mtego. Windows ikishajisasisha mara mbili tatu, ukaweka Office na programu moja nzito, sehemu hiyo imejaa, nawe umeshaanza kuhamisha picha kwenda kwenye flashi.

Mac yenye diski ya GB 128 usiilazimishe, haitoshi mifumo miwili. Kwenye GB 256, ipe Windows kati ya 100 na 120, uiachie macOS iliyobaki. Kwenye GB 512, gawa nusu kwa nusu kama Windows ndiyo ya kazi. Usiibane sana macOS kwa sababu masasisho yake makubwa huhitaji nafasi tupu ya kutosha ili yakubali kuingia. Na diski ya nje haitasaidia hapa: Boot Camp Assistant haiweki Windows kwenye diski ya nje.

Maandalizi ya siku ya kazi

Fanya bakapu kwanza. Time Machine kwenye diski ya nje inatosha. Kugawa diski yenye data ni jambo ambalo kwa kawaida huenda vizuri, lakini umeme ukikatika katikati na betri ni ya mtumba inayodumu dakika ishirini, hutakuwa na wa kumlaumu. Chomeka chaja, na kama mtaa wenu umeme ni wa mashaka, subiri saa ambayo umetulia.

Sasisha macOS, kisha fungua Disk Utility, chagua diski ya ndani, ubofye First Aid. Diski yenye hitilafu ndogo itamgomea Boot Camp Assistant katikati ya safari.

Kisha pakua faili la ISO, yaani nakala nzima ya kisakinishi, la Windows 10 la biti 64. Nenda kwenye ukurasa wa upakuaji wa Microsoft ukitumia Safari ya Mac hiyohiyo. Ukurasa ukigundua hutumii Windows, hukupa ISO moja kwa moja. Kiungo hudumu saa 24, na faili linazidi GB 5, kwa hiyo nunua bando la kutosha kabla ya kuanza, au nenda mahali penye Wi-Fi ya uhakika. Usilichukue faili kwa jirani wala kwenye flashi ya fundi. Likishaingia, fungua Terminal, programu ya kuandikia amri kwenye Mac, uandike:

shasum -a 256 ~/Downloads/Win10*.iso

Utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule ambao Microsoft wameuchapisha kwenye ukurasa huohuo wa upakuaji. Vikifanana mwanzo hadi mwisho, una faili lilelile walilolitoa wao. Vikitofautiana hata kwa herufi moja, lifute ulipakue tena.

Je, unahitaji flashi? MacBook Pro na iMac za 2015 na kuendelea, MacBook ya 2015 na kuendelea, na MacBook Air ya 2017 na kuendelea, hazihitaji. Zinajitengea nafasi ndani ya diski. Za nyuma ya hapo zinataka flashi ya GB 16 au zaidi, na kila kilichomo kitafutwa. Kwenye hizo za zamani kuna kikwazo kinachowasumbua wengi: flashi huandaliwa kwa mtindo wa FAT32, ambao hauwezi kubeba faili moja linalozidi GB 4, na ISO za karibuni zina faili moja kubwa la namna hiyo. Ukiona kazi inakatika ikisema diski haikuweza kuandikwa, tafuta kompyuta ya Windows, tumia Media Creation Tool ya Microsoft kutengenezea ISO. Hiyo hubana faili lile likawa dogo.

Mwisho, chomoa vifaa vyote vya nje isipokuwa flashi hiyo kama inahitajika.

Kuweka Windows

Fungua Boot Camp Assistant, iliyo ndani ya Applications, folda ya Utilities. Bofya Continue. Kwenye Mac mpya italiona faili la ISO lenyewe, au ulichague kwa mkono, kisha itakuonyesha mstari wenye kitone katikati: kushoto macOS, kulia Windows. Vuta kitone hadi kwenye kipimo ulichoamua. Kitazame tena. Ndipo ubofye Install.

Itaanza kupakua programu saidizi za Apple, yaani draiva za Wi-Fi, sauti, kamera na pedi ya kugusa. Hili huchukua muda na bando, na intaneti ikiwa dhaifu hatua hii ndiyo inayokatika mara nyingi. Ikikatika, anza tena, hakuna kilichoharibika.

Ikigoma kugawa diski ikidai nafasi haitoshi wakati wewe unaiona ipo, mara nyingi ni nakala za ndani za Time Machine. Andika tmutil listlocalsnapshots / kwenye Terminal, utaona orodha yenye tarehe. Zifute moja moja kwa tmutil deletelocalsnapshots ikifuatiwa na tarehe uliyoiona. Rudia First Aid, jaribu tena.

Mashine itajizima na kuwaka ikiwa kwenye skrini ya Windows. Chagua lugha na kibodi. Ikiomba ufunguo, uandike, au bofya I don't have a product key uuweke baadaye. Kisha chagua toleo linalolingana na leseni yako. Kwa kawaida hutaulizwa mahali pa kuweka. Ukiulizwa, chagua ile patisheni (sehemu ya diski) iliyoandikwa BOOTCAMP, bofya Format, endelea. Usiguse patisheni nyingine yoyote kwenye orodha hiyo, hata ile ndogo isiyo na jina. Kufuta patisheni za Apple ukiwa ndani ya kisakinishi cha Windows ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kupoteza macOS nzima.

Windows itakapofika kwenye kuuliza mtandao, Wi-Fi haitaonekana. Usihangaike, draiva bado. Chagua I don't have internet, kisha Continue with limited setup, utengeneze akaunti ya ndani.

Ukifika kwenye desktop, kitajifungua kidirisha cha Boot Camp chenyewe. Kikubali, kiache kimalize, uwashe upya. Kisipojifungua, ingia This PC, tafuta diski ndogo iitwayo OSXRESERVED au flashi yako, folda ya BootCamp, uendeshe Setup kwa mkono. Baada ya hapo Wi-Fi inakuja, sauti inakuja. Unganisha mtandao, fungua Apple Software Update upokee draiva mpya zaidi, kisha Windows Update hadi isiwe na cha kuleta. Nenda Settings, Update & Security, Activation, uweke ufunguo. Rudia slmgr /dli ujiridhishe kwa macho yako.

Kuishi na mifumo miwili

Kuchagua mfumo, washa mashine ukishikilia Option, uchague diski. Ukiwa ndani ya Windows, kuna alama ya Boot Camp karibu na saa yenye chaguo la kurudi macOS.

Kitufe cha Command kinakuwa kitufe cha Windows, Option kinakuwa Alt. Kupiga picha ya skrini ni Fn, Shift na F11 kwa pamoja. Kubofya kulia kwa vidole viwili kunawashwa ndani ya Boot Camp Control Panel, kwenye Trackpad. Watu hukaa miezi wakidhani pedi ni mbovu.

macOS inasoma faili za upande wa Windows lakini haiandiki humo, na Windows nayo haiandiki upande wa pili. Faili za pande zote mbili ziweke kwenye flashi au diski ya nje yenye mtindo wa exFAT, ambao mifumo yote miwili huusoma na kuuandika.

Betri itaisha mapema zaidi kuliko kwenye macOS. MacBook Pro zenye kadi mbili za picha hutumia ile kubwa muda wote zikiwa kwenye Windows, hivyo joto nalo hupanda. Kwenye kazi nzito kaa karibu na soketi, na usiiweke mashine juu ya godoro.

Kuhusu usalama wa Windows 10

Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa kawaida kuna nyongeza ya masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, mradi uwe na toleo la 22H2. Unajisajili kwenye Windows Update kwa akaunti ya Microsoft: bila malipo ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwao, au kwa dola 30 za Marekani. Jisajili siku ileile unayomaliza kuweka Windows.

Windows 11 haimo kwenye Boot Camp. Inadai TPM 2.0, chipu ya usalama ya aina maalumu, na Mac za Intel hazina. T2 haihesabiki kuwa hiyo. Njia za kuruka sharti hilo zipo, ila Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine zisizotimiza masharti yake. Kwa kompyuta ya majaribio, sawa. Kwa kompyuta yenye mishahara ya watu au tasnifu yako ya mwaka mzima, nakuomba usifanye hivyo. Ikifika tarehe ya mwisho na bado unaihitaji Windows hiyo kwa programu moja, itumie bila intaneti, na mambo ya benki na barua pepe yafanyie upande wa macOS.

Ukitaka kuiondoa

Nakili faili zako kutoka Windows, toa ufunguo kwa slmgr /upk ili leseni iwe huru, kisha rudi macOS. Fungua Boot Camp Assistant tena, ubofye Restore. Usifute kwa Disk Utility. Boot Camp Assistant itaondoa patisheni na kuirudishia macOS nafasi yote, bila kugusa faili zako za upande wa Mac.